Jina Lililofichwa Ndani ya Mpini

Ndugu msikilizaji, na wewe unayesoma mazungumzo haya gazetini, wiki hii tuzungumze habari ya upanga. Sina maana ya panga la kufyekea shamba. Nina maana ya upanga wa Kijapani, ule wenye bapa lililopinda kidogo, makali upande mmoja, na mpini mrefu wa kushikwa kwa mikono miwili. Na katika upanga huo nataka tutazame jambo moja tu: jina la fundi aliyeufua, linaandikwa wapi, linasomwaje, na linatufundisha nini sisi tulio huku.

Utauliza, Japani na sisi wapi na wapi? Swali ni halali. Lakini historia ina tabia ya kupita njia ambazo hazikuchorwa kwenye ramani, na mojawapo ya njia hizo ilipita Korogwe na Handeni, mkoani Tanga.

Tuanze na mkonge. Zao hilo liliingizwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, likapandwa upande wa Pangani. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902, mashamba ya mkonge yakaifuata reli kama siafu wanavyofuata njia yao. Miaka arobaini baadaye, Desemba 1941, Japani iliingia vitani dhidi ya Marekani na Uingereza. Kufikia Mei 1942 majeshi yake yalikuwa yameshika Malaya, Singapore, Burma, visiwa ambavyo leo ni Indonesia, na Ufilipino. Kutoka Ufilipino dunia ilikuwa ikipata nyuzi za Manila, zinazotokana na mmea wa jamii ya mgomba, ambazo ndizo zilizosukwa kamba za meli. Nyuzi hizo zilipokatika, Uingereza na Marekani ziligeukia mkonge wa Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni ikaanza kuwaandikisha watu kwa nguvu kwenda kukata mkonge. Kwa hiyo mkata mkonge wa Korogwe alivishwa mzigo wa vita ya Mjapani hata kabla hajamwona Mjapani.

Wengine walikwenda kumwona. Zaidi ya Watanganyika 80,000 walitumikia jeshi katika Vita Kuu ya Pili, wengi wao katika King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Februari 12, 1944, meli iitwayo Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani katika Bahari ya Hindi. Walikufa watu zaidi ya 1,200, na wengi wao walikuwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Katikati ya mwaka huohuo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru, ilifika mpaka wa India na Burma. Ndani yake zilikuwamo batalioni za Tanganyika, ya 26 na ya 36. Batalioni nyingine ya Tanganyika, ya 46, ilikuwa katika brigedi ya pekee ya 28.

Divisheni hiyo iliteremka Bonde la Kabaw wakati wa mvua za masika ya huko, bonde ambalo askari walilipachika jina la Bonde la Mauti kwa sababu ya malaria na homa nyinginezo. Desemba 2, 1944, ikaingia Kalewa, kando ya Mto Chindwin. Siku chache baadaye wahandisi wakatandika hapo daraja la vyuma lenye urefu wa mita 350 hivi, na majeshi yakavuka kuelekea katikati ya Burma, nchi ambayo tangu mwaka 1989 inaitwa Myanmar.

Huko ndiko askari wetu walikokutana na upanga. Kila ofisa wa Kijapani alivaa upanga kiunoni, na hata masajini walikuwa na wao. Vita ilipokwisha mwaka 1945, Admirali Mountbatten, mkuu wa majeshi ya Washirika katika eneo lile, alisisitiza kwamba maofisa wa Kijapani wakabidhi panga zao hadharani, ili kila mtu ashuhudie kwamba wameshindwa. Ndiyo maana hadi leo panga hizo zimetapakaa Uingereza, Australia, Marekani na kwingineko. Nyingine ziliokotwa vitani, nyingine zilibadilishwa kwa sigara, na chache zilisafiri ndani ya mizigo ya askari wa kawaida.

Sasa tuushike upanga wenyewe.

Mtu asiyejua hutafuta jina la fundi kwenye bapa, mahali panapong'aa. Hatalipata. Fundi wa Kijapani huandika jina lake kwenye msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, kama msuka wa jembe au wa kisu. Mpini umezuiwa na kijiti kidogo cha mwanzi kilichopita tundu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kijiti hicho kikigongwa taratibu na kutoka, mpini huvutwa, na msuka huonekana. Hapo ndipo penye saini, ambayo Wajapani huiita mei, iliyochongwa kwa tindo na nyundo, herufi moja chini ya nyingine.

Saini iliyokamilika hueleza mengi. Kwanza hutaja jimbo, mathalani Bizen, ambalo leo limo katika mkoa wa Okayama. Kisha hutaja mji au kijiji, mathalani Osafune, kijiji kilichokuwa na wahunzi wengi kupita karibu kila mahali pengine nchini humo. Kisha huja jina la fundi, na mara nyingine neno la kusema "ameufanya huu". Upande wa pili wa msuka huweza kuwapo tarehe. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Enzi ya Showa ilianza mwaka 1926. Kwa hiyo ukikuta mwaka wa 18 wa Showa, unaongeza 1925, unapata 1943. Hata asiyejua Kijapani anaweza kuanza kuzisoma tarakimu: moja ni mstari mmoja wa kulala, mbili ni mistari miwili, tatu ni mitatu, na kumi ni alama ya msalaba. Mwezi nao una desturi yake. Mafundi wengi wa zamani waliandika mwezi wa pili au wa nane, hata kama kazi ilikwisha mwezi mwingine.

Upande ambao jina limeandikwa nao unasema jambo. Upanga wa zamani sana ulining'inizwa kiunoni makali yakiangalia chini. Ule wa baadaye ulichomekwa kwenye mshipi makali yakiangalia juu. Desturi ilikuwa jina likae upande unaotazama nje mtu anapouvaa. Kwa hiyo kabla hujasoma hata herufi moja, mahali jina lilipo hukudokeza upanga ulikusudiwa kuvaliwa vipi, na hivyo uliotengenezwa zama zipi.

Lakini hapa ndipo penye mtego. Kuna jina, na kuna ukweli wa jina.

Jina Sukesada wa Osafune, kwa mfano, lilitumiwa na mafundi makumi kadhaa kwa vizazi vingi. Mtoto alirithi la baba, mwanafunzi akapewa la mwalimu. Kusema "huu ni upanga wa Sukesada" bila kusema yupi, ni sawa na kusema barua hii imeandikwa na Juma wa Tanga. Tena, fundi mwenye sifa hakukosa waigaji. Mhunzi wa kawaida, au mfanyabiashara mjanja, alichonga jina la bingwa kwenye msuka wa kazi isiyo ya bingwa, ili apate bei. Wajapani wana neno maalumu la saini ya uongo: gimei. Kuna saini nyingi za namna hiyo, na nyingine zina umri wa miaka mia tatu au mia nne. Uongo nao ukikaa sana huota kutu ya heshima.

Kwa upande mwingine, kazi njema kabisa huweza kuwa haina jina. Masamune wa Sagami, anayehesabiwa na Wajapani kuwa mkubwa wa wahunzi wao, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzoni mwa karne ya 14, aliacha kazi chache mno zenye saini. Aidha, panga nyingi ndefu za kale zilifupishwa baadaye kwa kukatwa upande wa msuka, na jina likaondoka pamoja na kipande kilichokatwa.

Basi mjuzi hufanyaje? Husoma jina mwisho, hasomi mwanzo. Kwanza hutazama umbo: umepinda wapi, una upana gani. Kisha hutazama mstari wa makali, ule unaotokea fundi anapopaka udongo kwenye bapa kabla ya kulizamisha majini likiwa jekundu. Kisha chembe za chuma chenyewe. Kisha msuka: umbo lake, mikwaruzo ya tupa, na rangi ya kutu. Mambo yote haya yakishasema ni ya fundi fulani wa zama fulani, ndipo huuliza kama jina linakubaliana nayo. Jina likikataa, ni jina linaloshukiwa. Familia moja, Hon'ami, ilifanya kazi hiyo ya kukagua panga kwa vizazi vingi ikiwatumikia watawala wa Japani, na vyeti vyake vya karatasi vilithaminiwa kama hati ya nyumba. Tangu mwaka 1948 iko jumuiya ya kuhifadhi sanaa ya panga ambayo hutoa vyeti hivyo hadi leo.

Hapa natoa onyo kwa yeyote mwenye chuma cha kale nyumbani, uwe upanga, mkuki au jembe. Kutu ya kwenye msuka ni ushahidi. Haifanani na kutu ya juzi. Imeshikana na chuma, nyeusi, kavu, na hutumika kukadiria umri. Anayechukua msasa akausugua msuka "ili jina lionekane vizuri" anafuta cheti cha kuzaliwa cha upanga. Fundi wa Kijapani anayeng'arisha bapa kwa majuma mengi haugusi msuka kabisa.

Na panga za vita ile ya 1939 hadi 1945? Hizo zina habari yake. Mwaka 1876 serikali ya Japani ilikuwa imepiga marufuku watu kuvaa panga barabarani, na wahunzi wengi wakakosa kazi. Jeshi lilipopanuka katika miaka ya 1930, haja ya panga ikarudi kwa maelfu. Mwaka 1933 tanuri maalumu lilijengwa tena ili kuyeyusha mchanga wa chuma kwa makaa, kwa njia ya mababu, na wahunzi wachache waliochaguliwa wakafua humo panga za maofisa. Mafundi wengine walioidhinishwa na jeshi walipigiwa chapa ya nyota kwenye msuka. Lakini panga nyingi zilitoka mji wa Seki, zikiwa zimefuliwa kwa chuma cha kiwandani na kuzamishwa kwenye mafuta badala ya maji. Hizo huwa na jina la fundi, na pembeni yake chapa ndogo inayoonyesha kwamba hazikufuliwa kwa njia ya kale.

Halafu ziko panga za masajini, zilizoanza kutolewa mwaka 1935. Hizo zilitengenezwa kwa mashine. Mpini wake ni wa chuma au alumini ya kumimina, uliopakwa rangi ili ufanane na uzi uliozungushwa. Badala ya kijiti cha mwanzi, mpini umefungwa kwa skrubu. Jina la fundi halimo kabisa. Karibu na mpini, kwenye bapa, imegongwa namba.

Naitaja hiyo namba kwa sababu ndiyo iliyonifikisha kwenye mazungumzo haya. Katika safari moja ya kikazi mkoani Tanga, mwalimu mmoja mstaafu wa Korogwe alinijia na daftari la shule. Marehemu baba yake alikuwa askari wa Keya, akaenda Burma, akarudi mwaka 1946. Nyumbani mwao umo upanga, na tangu utoto wao waliambiwa kuwa ni wa jemadari mkubwa. Sasa alitokea mnunuzi kutoka mjini, akasema ndani ya mpini limefichwa jina, na kwamba jina hilo lina thamani kubwa. Auziwe upesi kabla bei haijashuka. Mwalimu hakukubali wala hakukataa. Alifanya jambo la busara: aliweka karatasi juu ya chuma akapitisha penseli juu yake, na kila kilichochongwa kikajitokeza kwenye karatasi.

"Shikamoo, mwalimu," nilimwambia, "hebu nione."

"Marahaba, kijana. Nisomee jina la huyo jemadari."

Kwenye karatasi zilikuwamo tarakimu tano, za kawaida kabisa, kama tunazoandika sisi, na alama mbili ndogo za kiwandani. Nilimuuliza kuhusu mpini. Ulikuwa wa chuma, ukibanduka rangi, na una skrubu. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, msomaji: huu ni upanga wa sajini, umetoka kiwandani, na jina halimo wala halikuwahi kuwamo.

Mwalimu alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kwa hiyo Mjapani huyo naye alikuwa namba tu."

Akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari. Humo alikuwa ameweka cheti cha baba yake cha kuachishwa jeshi, karatasi iliyokunjwa mara nne, imelegea kwenye mikunjo. Namba ya jeshi ilisomeka vizuri. Jina lilikuwa limeandikwa kwa kukosewa, kama karani wa Kizungu alivyolisikia. Akaniambia, "Watoto wangu wanajua namba ya upanga. Namba ya babu yao hawaijui. Na kijiji alichotoka, upande wa Handeni, mkubwa wao hakijui."

Ndugu msomaji, maneno hayo nimeyabeba tangu siku ile, na nataka tuyapime kwa mfano mwingine ambao wengi wetu tunaupita kila siku bila kuutazama.

Jijini Dar es Salaam, katikati ya mji, imesimama sanamu ya askari ameshika bunduki yenye singe. Ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza, askari na wapagazi. Vita hiyo nayo ilipita kwetu; Korogwe na Handeni zilitekwa na majeshi ya Jenerali Smuts mwezi Juni 1916, na wapagazi waliobeba mizigo ya pande zote mbili walikufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi. Sanamu hiyo ni kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, na ilimiminwa katika kiwanda cha shaba cha Westminster, London. Jina la aliyeitengeneza linajulikana. Kiwanda kinajulikana. Chini yake yako maandishi kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Lakini jina la askari hata mmoja, au mpagazi hata mmoja, halipo.

Wala halikuwa jambo la bahati mbaya. Aprili 2021 Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, waliokufa katika vita ile ya kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wazungu waliokufa waliandikwa mmoja mmoja. Waafrika waliandikiwa sanamu. Katika vita ya pili hali ilikuwa bora: kwenye makaburi ya Taukkyan, nje ya Yangon, kuna nguzo zenye majina ya watu karibu 27,000 waliokufa Burma bila kaburi linalojulikana, na majina ya Waafrika yamo. Anayefika huko aweza kulisoma jina la mtu wa kwao. Je, ni wangapi kati yetu watakaofika?

Sasa niwageukie wahunzi wetu, kwa sababu tusije tukawalaumu wageni peke yao.

Nenda mnada wa ng'ombe wilayani Handeni. Utawaona Wamaasai na Waparakuyo wakiwa na sime kiunoni, kwenye ala nyekundu. Ukiomba kwa adabu kuitazama sime ya zamani, unaweza kukuta kwenye bapa alama ya mamba. Mamba huyo ni chapa ya kampuni ya Ralph Martindale ya Birmingham, Uingereza, iliyotengeneza panga za shamba zilizouzwa sehemu nyingi za dunia. Mhunzi alilichukua panga la shamba lililochakaa, akalipasha moto, akalinyoosha, akalitia kiuno chembamba na kichwa kipana, likawa silaha nyingine kabisa. Mtalii anayeinunua husoma alama akasema, hii ni kazi ya Mwingereza. La hasha! Chuma ni cha Mwingereza. Sime ni ya mhunzi. Lakini mhunzi hakugonga jina, na katika jamii ya Wamaasai wahunzi walitengwa, wakahesabiwa watu wa chini, ingawa hakuna shujaa aliyeweza kwenda popote bila kazi ya mikono yao.

Si kwamba wahunzi wetu hawakuwa na heshima popote. Ukifuata milima kutoka Korogwe kwenda kaskazini, unafika Upare. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya Wapare kilichotoka mwaka 1969, ameeleza habari za ukoo wa Washana wa Ugweno, ukoo wa wahunzi waliotawala kabla ya kupinduliwa na ukoo wa Wasuya. Pale jina la ukoo ndilo lililokuwa saini. Aliyenunua jembe alijua limetoka kwa Washana, kama Mjapani alivyojua upanga umetoka Osafune.

Na ujuzi wenyewe haukuwa mdogo. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science jinsi wazee wa Kihaya, mkoani Kagera, walivyojenga tena tanuri la udongo na mivukuto, wakayeyusha mawe ya chuma kwa makaa, wakapata chuma kigumu cha pua. Mabaki yaliyochimbwa huko yalionyesha kuwa ufundi huo una umri wa miaka zaidi ya 1,500. Tanuri la udongo, makaa, mivukuto: ni vitu vilevile alivyokuwa navyo Mjapani. Yeye aliongeza kimoja, tindo la kuandikia jina, na mtu wa kuliweka jina hilo kwenye daftari.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka tuitazame. Wajapani hawawajui mafundi wao wa miaka mia saba iliyopita kwa sababu ya saini peke yake. Tumeona saini inavyoweza kusema uongo, na inavyoweza kukatwa. Wanawajua kwa sababu kila kizazi kilikuwa na watu waliokaa chini, wakalinganisha, wakaandika, wakabishana, wakasahihishana. Jina bila daftari ni mchubuko tu kwenye chuma.

Je, tufanye nini? Nina mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

La kwanza, kama una kitu cha kale nyumbani, usikisugue wala usikitengenezee mpini mpya. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, na maandishi uyanakili kwa penseli na karatasi kama alivyofanya mwalimu wa Korogwe. Vyuma vingi vya historia yetu vimekwisha kuingia kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu kwa bei ya kilo.

La pili, usiuze kwa haraka kwa mtu anayekuambia kuna siri ndani yake. Anayejua siri ya mali yako kuliko wewe si wa kumpa bei siku hiyohiyo. Yako Makumbusho ya Taifa, na iko Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayolinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Ulizia kwanza.

La tatu, nalo ndilo kubwa, andika. Andika jina kamili la aliyekileta kitu hicho, kijiji chake, mwaka, batalioni, namba yake ya jeshi, na alichowasimulia. Kama ni jembe au sime, andika ni mhunzi gani aliyeifua na alijifunza kwa nani. Waliokwenda Burma wamekwisha. Vita ile imetimiza zaidi ya miaka 80. Waliobaki ni watoto wao waliosikia masimulizi yakisimuliwa jikoni na barazani, na hao nao wana mvi. Karatasi moja iliyofungwa pamoja na upanga ina thamani kuliko upanga wenyewe, maana upanga wa kiwandani viko viwanda vilivyotoa maelfu kama huo, lakini mtu aliyeubeba kutoka Chindwin hadi Handeni alikuwa mmoja tu.

Mwalimu yule hakuuza. Aliniambia amenunua daftari jipya, na ukurasa wa kwanza ameandika jina la baba yake kwa tahajia sahihi, si ile ya karani. Jina lenyewe silitaji hapa, ni mali ya familia. Wewe nawe una lako la kuandika. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari huisha bila habari.